Taa ya Buluu

Kidole cha Bi Mkubwa kiligonga kioo cha gari mara mbili, nikashtuka hadi simu ikaniponyoka.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kiza bado kimejaa kichochoroni. Nimekaa kwenye usukani, injini inanguruma, gari halijasogea hata hatua, nasoma habari za mpira. Bi Mkubwa ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikuwa amejitanda leso, na mkononi kashika leso nyingine imelowa maji.

Nikateremsha kioo.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, Bi Mkubwa. Kwema?"

"Kwema. Nataka kukuuliza tu. Hili gari huwa lamngoja nani?"

Nikacheka. Nikamwambia halimngoji mtu, napasha injini, dakika kumi hivi kila siku ili lisiende na baridi.

Akatazama juu, akatazama minazi, kisha akanirudishia macho.

"Malindi hii?"

Ndipo akanionyesha dirisha lake, hatua tatu kutoka ekzosi yangu. Ile leso ya maji huiziba nayo nafasi za mbao, kwa sababu mjukuu wake ana kifua na moshi wangu huingia moja kwa moja kitandani. Hakunifokea. Laiti angenifokea ningekasirika, tukanuniana, na kufika Ijumaa ningekuwa nimesahau. Alisema hivyo tu akarudi ndani, akaniacha na lile swali.

Limenikaa wiki sita.

## Nilichorithi

Baba yangu aliendesha Peugeot 504, ile ndefu ya nyuma, akipakia abiria wa Mombasa. Wenye umri wangu wanaijua bila kuelezwa: viti vya safu tatu, mizigo juu, na mtu wa mwisho kila mara ni mnene. Baba aliisifu kama mtu anavyomsifu mjomba wake. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, na kwake yeye hiyo ilitosha kumaliza ubishi wowote kuhusu magari.

Kila alfajiri baada ya swala aliiwasha. Sisi watoto tulikuwa tunalala chumba cha mbele, na ule mngurumo ndio uliokuwa saa yetu. Ukianza, una dakika kumi za kulala. Ukibadilika sauti gia inapoingia, usipoamka utaamshwa.

"Gari baridi ni kama mtu aliyeamshwa kwa teke," alikuwa akisema. "Atakufanyia kazi, lakini kwa kinyongo."

Alipofariki Peugeot ilikuwa imeshauzwa zamani, vipande kwa vipande. Nilichobaki nacho ni zile dakika kumi. Nikanunua Vitz, mkoba wa gari, injini ya 1300, nikazihamishia humo bila kuuliza.

## Petroli ikiwa maji haiungui

Kwa hiyo nikaanza kusoma, na kuuliza kila mtu mwenye mafuta kwenye kucha.

Jambo la kwanza lilikuwa jepesi. Petroli haiungui ikiwa maji. Huungua ikiwa mvuke. Gari la kabureta, kile chombo cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, halina namna ya kujua kama injini ni baridi au moto. Petroli huvutwa na upepo unaopita kooni mwa kabureta, na injini ikiwa baridi sehemu kubwa hubaki matone yanayong'ang'ania kuta za njia. Inayofika kwenye plagi huwa haba. Ndiyo kazi ya choki: unapunguza hewa ili petroli izidi, unangoja, unairudisha kidogo kidogo. Ukiondoka kabla ya wakati, gari litakohoa na kukuzimikia kwenye mzunguko wa kwanza mbele za watu.

Vitz haina kabureta. Ina kihisio kilichozamishwa kwenye maji ya injini, kinachoipa kompyuta habari ya joto, na kompyuta yenyewe inaongeza petroli na kupandisha mzunguko. Ule mngurumo mkubwa wa mwanzo, unaoshuka polepole ukawa mnong'ono, ndiyo choki ya siku hizi. Hakuna anayeivuta.

Oili nayo nilidhani huganda usiku kama mafuta ya nazi wakati wa kusi. Lakini ile herufi W kwenye kopo la 5W-30 inahusu majira ya baridi ya wenzetu, kule oili inakoweza kuwa nzito kama asali kwa kipupwe cha chini ya sufuri. Hapa petu taa nyekundu ya oili huzima sekunde chache tu baada ya kuwasha. Ikizima, oili imeshaanza kusukumwa kwenye vyuma.

Idara ya Nishati ya Marekani huwaambia watu wake, wenye theluji mlangoni, kwamba watengenezaji wengi hushauri kuondoka taratibu baada ya sekunde 30 hivi, kwa sababu injini hupata moto haraka zaidi ikitembea kuliko ikisimama. Ujerumani kanuni za barabarani zinakataza kabisa kuacha injini ikinguruma bure. Mimi, Malindi, kwenye nyuzi ishirini na kitu za alfajiri, nilikuwa napasha dakika kumi.

Kuna na hili. Petroli ya ziada inayomwagwa kwenye injini baridi huosha ule utando wa oili kwenye kuta za silinda, nyingine ikateremka kuchanganyika na oili chini. Yaani nilikuwa naidhuru kwa kuihurumia. Na lile kopo la kusafisha moshi lililo njiani mwa ekzosi halifanyi kazi mpaka lipate moto hasa, mamia ya nyuzi. Moshi wa dakika zile ndio mchafu kuliko wote wa siku, ndani yake mna kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na wote nilikuwa naupeleka kwa mtoto mwenye kifua.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Lita moja kwa saa, nikikadiria. Dakika kumi, siku mia tatu. Karibu lita 50 kwa mwaka, shilingi elfu tisa nikiikadiria lita kwa Sh180. Risiti nikaikunja nikaitia mfukoni, mke wangu asiione.

Lakini Bi Mkubwa naye hakuwa na haki yote, na hapa ndipo nilipokwama. Kwetu sisi nyuzi ishirini na kitu ni joto. Kwa injini ni baridi kali. Inataka kufanya kazi kwenye nyuzi 90 hivi, na kutoka Malindi au kutoka Limuru kwenye baridi yake, safari ya kufika huko bado ni ndefu. Kupashwa lazima ipashwe. Swali ni wapi: dirishani mwa jirani, au barabarani.

## Saa mkononi

Vitz yangu haina mshale wa joto. Ina taa ndogo ya buluu, picha ya kipimajoto kikiogelea, inayowaka injini ikiwa baridi na kuzima maji yakianza kupata moto. Nikaamua kuifanya hakimu.

Siku ya kwanza niliwasha nikakaa pale pale. (Samahani, Bi Mkubwa, ilikuwa kwa ajili ya elimu.) Taa ilizima dakika ya nane.

Siku ya pili niliwasha, nikahesabu mpaka thelathini, nikaondoka polepole kupitia Barani hadi barabara kuu. Nikatarajia dakika tatu, nne.

Ilizima dakika ya kumi.

Nikarudia siku ya tatu. Kumi kasoro.

Hapo moyo wangu ulifanya jambo nisilojivunia. Ulifurahi. Wamarekani wamesema, Wajerumani wamekataza, na gari langu mwenyewe linasema Baba alikuwa sahihi. Nikaanza hata kupanga maneno ya kumwambia Bi Mkubwa, kwa adabu, kwamba nitaligeuza gari ekzosi itazame upande wa pili, lakini dakika zangu sitaziacha.

Sikumwambia. Kuna kitu kilikuwa kinaniwasha, na hakikuwa adabu. Moto wa injini hutoka kwenye petroli inayoungua. Anayepanda mlima hutoka jasho kuliko aliyekaa barazani. Vipi gari langu lipoe kwa kutembea?

## Baada ya Gede

Wiki ya tatu nilikuwa na shughuli Kilifi. Mwezi wa saba, kusi imeshika, manyunyu tangu usiku. Kwa kawaida gari langu halitoki mjini. Ni nyumbani, sokoni, kazini, basi. Taa ya buluu ilizima kama kawaida, nikaisahau.

Nimepita Gede, msitu wa Arabuko Sokoke uko kulia, barabara nyeupe kwa mvua, mwendo themanini. Nikaona rangi chini ya usukani.

Buluu.

Taa ilikuwa imerudi. Nusu saa ya safari, injini inazunguka bila kupumzika, na gari linaniambia ni baridi. Nikapunguza mwendo nyuma ya lori la mawe, ikazima. Nikalipita lori, nikakanyaga, baada ya muda ikawaka tena.

Sikusimama. Niliendelea hadi Kilifi nikiitazama zaidi ya barabara, jambo ambalo sikushauri ulifanye.

## Nyumba bila mlinzi

Fundi niliyempelekea si yule wa zamani. Ni kijana mpole anayefanya kazi chini ya mkwaju, na ana tabia ya kuligusa gari kabla ya kumsikiliza mwenyewe. Akawasha, akaweka kiganja kwenye mpira wa juu wa redieta, akakiacha hapo.

"Wahisi?"

Nikaweka changu. Dakika mbili tangu kuwasha, na mpira umeshaanza kuwa vuguvugu.

"Huu hautakiwi kuhisi kitu sasa hivi. Wataka kuwa baridi kama mtungi. Maji yameshaanza kwenda kupoozwa na hayajapata moto."

Akazima. Akafungua nati mbili, akavuta kifuniko kidogo cha aluminiamu, maji yakamwagika kwenye beseni, rangi ya chai ya rangi. Akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha, akakitoa.

"Hamna kitu."

Themostati haikuwemo. Ile valvu inayoyazuia maji yabaki ndani ya injini mpaka yashike moto, ndipo iyaruhusu kwenda redieta, mtu aliitoa. Nikakumbuka gereji moja miaka miwili nyuma, gari lilikuwa limechemka, nikatengenezewa kwa mia tano, na ahadi juu kwamba "halitachemka tena."

Nikaanza kumlaani yule bwana. Fundi akanizuia.

"Usimlaumu sana. Sote tulikuwa tukizitoa. Wewe waweka maji gani humu?"

"Ya kisima."

"Ya chumvi."

"Si ndiyo yaliyopo?"

Akatikisa beseni, lile tope la kutu likazunguka chini. Maji ya visima vyetu hula chuma, kutu hukwama kwenye themostati, nayo ikikwama imefunga, maji hayaendi redieta na injini huchemka. Fundi wa zamani aliona gari limechemka kwa sababu ya mlango uliofungwa, akaung'oa mlango. Pwani ni joto, akasema, haina kazi hapa. Tangu siku hiyo maji yangu huzunguka hadi redieta tangu sekunde ya kwanza, na upepo wa barabarani, badala ya kungoja zamu yake, unayapoza kabla hayajapata moto. Kadiri nilivyokimbia ndivyo nilivyopoa. Na kompyuta, ikisikia baridi isiyokwisha, iliendelea kumimina petroli ya ziada. Ndiyo iliyokuwa ikinuka kwa Bi Mkubwa.

Nikanunua mpya. Ni kitu kidogo, cha kutosha kiganjani, springi na kijungu cha shaba, ukingoni kumechapwa 82. Nilitaka aifunge mara moja. Akakataa. Akaomba sufuria kwa mama wa chai aliye jirani, akatia maji, akaitundika themostati kwa uzi wa kushonea magunia isiguse chini, akaweka juu ya makaa.

Tukachutama kuitazama, mimi, fundi, na mwanafunzi wake mwenye andazi.

Maji yakatoa mvuke. Vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka pembeni mwa sufuria. Kitu kimya. Kisha, kabla maji hayajatokota, ile sahani ya katikati ikajisukuma, unene wa ukucha, kisha zaidi, mpaka ukaona mwanga kupitia. Ndani ya kile kijungu mna nta, fundi alinieleza. Ikipata moto hutanuka, ikasukuma pini. Hakuna waya, hakuna kompyuta. Akaitoa, akaipuliza. Ikajifunga polepole mikononi mwake.

Mama wa chai akadai sufuria yake isuguliwe mara tatu, na alikuwa na haki.

Tulisafisha redieta, tukatia kulanti, yale maji maalumu ya redieta, badala ya maji ya kisima. Kesho yake niliwasha, nikahesabu thelathini, nikaondoka. Taa ilizima dakika ya tatu, sijafika hata barabara kuu.

## Ami alivyocheka

Ningeishia hapo kama Ami asingekuja.

Ami ni mdogo wake Baba. Anakaa Lamu, ni nahodha mstaafu, na huja Malindi kwa kliniki ya macho. Alilala kwetu siku mbili. Alfajiri ya kwanza alinikuta nikiondoka bila kungoja, jioni nikamsimulia kisa chote, nikidhani nitamfurahisha.

Kwanza alizungumza habari za boti, kwa sababu kila jambo kwake lazima lipite baharini. Injini ya boti, akasema, ukiiwasha hutazami moto. Watazama kile kimkojo cha maji kinachoruka nyuma. Kikiruka, pampu inavuta, nenda zako. Kisiporuka, zima, hata kama umekalia bibi harusi.

Kisha akauliza, "Na nani alikwambia baba yako alikuwa akingoja moto?"

Nikamwambia sote tuliona.

Akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba yako alijifunzia lori Nyahururu. Wakati huo wengi wakiita Thomson's Falls. Mimi ndiye niliyekuwa taniboi wake, miezi minane, mpaka baridi ikanirudisha baharini. Lori la dizeli, breki za upepo. Usiku kucha upepo huvuja kwenye tangi. Asubuhi wawasha, wangoja mshale upande. Usipopanda, breki haziachii, na ukilazimisha huna breki. Alikuwa angoja upepo, mwanangu. Si moto."

Nikanyamaza.

Nyahururu iko juu ya mita 2,300. Nimewahi kulala huko usiku mmoja nikavaa soksi mbili. Basi dakika kumi zilikuwa na maana mbili huko, upepo na baridi, na Baba alipozirudisha pwani kwenye Peugeot yenye breki za mafuta, zote mbili zilibaki mlimani.

"Lakini hata hiyo Peugeot alikuwa akiingoja," nikamwambia. "Kila siku."

"Aingoja vipi? Amekaa ndani?"

Nikataka kusema ndiyo. Kisha nikaiona, nikiwa na miaka saba au minane, kichwa dirishani: tochi. Mwanga mdogo wa manjano unaozunguka gari. Unainama kwenye tairi moja, unapiga teke, unaenda jingine. Unalala chini kutazama kama kuna tone. Boneti imeinuliwa na mwanga uko ndani yake, na Baba anafuta kijiti cha oili kwa kitambaa kile kile cha kila siku.

"Hiyo ilikuwa kazi yangu kwenye lori," Ami akasema. "Upepo ukijaa, mimi nazunguka. Nagonga matairi kwa nyundo, napima oili, natoa maji kwenye tangi za upepo. Nilipoondoka akawa azunguka mwenyewe."

Mimi nilirithi mngurumo, tochi nikaiacha. Dakika kumi kila alfajiri kwa miaka miwili, nimekaa na simu, na kifuniko cha redieta kipo mbele yangu hatua mbili. Ningekifungua mara moja tu kabla ya kuwasha, nikamulika ndani, ningeiona ile rangi ya chai.

Sikumwambia Ami hilo. Nilimwongezea kahawa.

## Jumamosi

Juzi nilitoka mjini adhuhuri, jua la utosi, tuktuk zimeziba njia sokoni kwa robo saa. Kiyoyozi changu kilikufa zamani. Nikafika kichochoroni, nikaegesha, injini bado inazunguka huku natafuta funguo za mlango, na kitu kikavuma ndani ya boneti. Vuuu, kama ndege anayetaka kuruka. Gari zima likatetemeka kidogo.

Nikazima kwa pupa. Nikashuka mbio, nikachoma vidole nikifungua boneti. Nikachungulia huku na huku natafuta mvuke. Hakuna. Hakuna tone. Kulanti ya kijani iko kwenye alama yake.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni feni. Feni ya redieta, ambayo huja maji yakizidi moto na kuondoka yakipoa, kama inavyotakiwa. Miaka miwili sikuwahi kuisikia.

Bi Mkubwa alikuwa kibarazani anachambua mchicha, dirisha nyuma yake liko wazi.

"Limekuwaje tena?"

"Limepata moto, Bi Mkubwa."

Akaweka ungo chini.

"Si ndiyo uliyokuwa ukiitaka?"